Kupeleka Watoto Sho ya Nairobi Bila Kurudi na Deni

Septemba ikikaribia kwisha, sisi tunaokaa Eastlands huanza kupigiwa simu kutoka nyumbani. "Tunakuja sho. Tuko kumi na wawili, pamoja na watoto." Simu hizo hutufurahisha, kwa maana mgeni ni mgeni. Hutuogopesha pia, kwa sababu chumba cha Kayole au Dandora ni futi kumi kwa kumi, na wengi wetu tuna kimoja tu. Tunajua vikundi vingi vinavyosoma jarida hili vimewahi kufunga safari hiyo, na vingine vinaipanga. Ndiyo sababu mwezi huu tumeona tuongee wazi juu ya sho: jinsi familia inavyoweza kwenda, watoto wafurahi, wazazi wajifunze jambo, na watu wote warudi na nauli mfukoni.

Wengine hawajawahi kufika, kwa hivyo tueleze kidogo. Sho ya Nairobi hufanyika katika uwanja wa Jamhuri, kando ya Ngong Road, kwa muda wa kama wiki moja, mwisho wa Septemba au mwanzo wa Oktoba. Siku hizi jina lake rasmi ni Maonyesho ya Kimataifa ya Kibiashara ya Nairobi, lakini mtaani hakuna anayesema hivyo. Wenye sho ni ASK, chama kilichoanza mwaka wa 1901 kikiwa cha walowezi. Chama hicho kina sho nyingine Mombasa, Kisumu, Nakuru, Eldoret, Nyeri, Embu, Machakos na kwingineko. Kama ya karibu nanyi ni mojawapo ya hizo, karibu kila tunalosema hapa litawafaa huko pia.

Ndani ya uwanja kuna mambo mawili yaliyochanganyika. Kuna kilimo, yaani ng'ombe, mbuzi wa maziwa, mbegu, mashine, matangi ya maji. Halafu kuna michezo ya watoto: bembea za kuzunguka, gurudumu kubwa linalopanda juu, kasri za kurukaruka zilizojazwa hewa, ngamia wa kupanda. Mzazi hutoka nyumbani akifikiria yale ya kwanza. Mtoto ametoka akifikiria yale ya pili tu. Msipoyapatanisha kabla ya kupanda gari, mtayapatanisha mbele ya bembea, huku mtoto akilia na watu wakiwatazama.

Pesa

Watu huuliza kwanza, "Kuingia ni pesa ngapi?" Ni swali zuri, lakini tiketi si ndiyo inayommaliza mtu. Bei hutangazwa na ASK kila mwaka, na ya mtoto ni tofauti na ya mtu mzima. Ulizeni mapema bei na njia ya kulipa, msije mkakuta laini ndefu ya dirishani ilhali mngeweza kulipa kwa simu. Kinachommaliza mtu ni vile vidogo vidogo vya ndani.

Tuchukue mfano. Baba, mama na watoto 4 wameweka shilingi 200 kila wiki kwa wiki 30. Wana shilingi 6,000. Wanatoka Kayole, wanashuka town, wanapanda gari lingine mpaka Jamhuri. Tuseme kila gari ni shilingi 80 kwa mtu. Watu 6, magari mawili kwenda na mawili kurudi, hiyo ni 1,920. Tuseme tiketi zote pamoja ni 1,500. Zimebaki 2,580. Sasa, bembea moja tuseme ni shilingi 100. Kwa watoto 4 ni 400 kila mara mnaposimama. Mkisimama mara sita, 2,400 zimeenda, na hamjanunua hata soda. Bei hizi ni za mfano tu, badilisheni muweke za mwaka wenu, lakini hesabu yenyewe ifanyeni hivyo, kwa kalamu, mkiwa bado nyumbani.

Familia hiyo hiyo ikikubaliana kwamba kila mtoto ana bembea mbili na atazichagua mwenyewe, ni shilingi 800. Wakibeba chakula, na wakitenga 500 za dharura, bado wana 1,280 za soda, chipsi na choo. Watoto hawatalia sana. Mtoto aliyeambiwa wiki nzima kwamba ana mbili huzitunza kama dhahabu. Atazunguka uwanja wote akitafuta zilizo bora, na huko kutafuta kwenyewe kunamfurahisha bure. Anayelia ni yule aliyeambiwa, "tutaona tukifika."

Nauli ya kurudi isikae na pesa nyingine. Mama aifunge kwenye leso au aishone ndani ya mfuko, isiguswe. Jioni, watu wakitoka wote kwa pamoja, makanga hupandisha bei, kwa hivyo wekeni zaidi ya ile mliyolipa asubuhi.

Kwa upande wa vikundi, tunapenda ule mpango wa kufungua mfuko wa sho tangu Januari, kila mwanachama akichanga kidogo kidogo kila mkutano. Ni meri-go-raundi kama zile zenu nyingine. (Watoto wa Eastlands hucheka sana wakisikia akina mama wakisema wanaenda meri-go-raundi. Wao wanajua ile ya farasi wa mbao, na tofauti ni kubwa: moja huzungusha pesa zikakurudia, nyingine hukuzungusha wewe na pesa zikabaki.) Lakini mfuko wa kukopeshana usiguswe kwa sababu ya sho. Mkopo wa mbuzi hurudishwa na mbuzi. Je, mkopo wa bembea utarudishwa na nini?

Hapo kuna hatari mpya ambayo wazazi wetu hawakuwa nayo. Tangu 2007 tuna M-Pesa, na tangu 2019 kuna Fuliza. Aliyejiunga na Fuliza, akilipa kitu na salio halitoshi, hujaziwa pengo, halafu deni hilo huongezewa ada. Pesa yoyote itakayoingia kwenye simu baadaye hukatwa kwanza kulilipa. Katika uwanja wenye kelele na watoto wanaovuta nguo, mtu anaweza kulipa hapa mia, pale mia mbili, asitambue kwamba pesa zake ziliisha saa sita. Anagundua wiki ijayo, mwanawe wa mjini anapomtumia ya mbolea na ikafika nusu. Ushauri wetu ni huu: siku ya sho tumieni noti mlizohesabu, na simu ibaki ya kupiga na ya dharura.

Tena kuna pata potea. Mtamkuta kijana na karata tatu juu ya boksi, akizigeuzageuza, na watu wamemzunguka. Mmoja anaweka mia tano, anapata elfu. Mwingine anaweka, anapata. Wewe mwenyewe unaiona karata vizuri kabisa na unajiambia, hii ni rahisi. Ni rahisi kwa sababu imepangwa uione. Wale wanaoshinda ni wenzake, na yule anayekunong'oneza, "mama, ni ile ya kushoto," ni mwenzake pia. Ukiweka pesa, karata itakuwa imehamishwa. Ukilalamika, watu hao hao watageuka kuwa wakali, au mmoja atapiga kelele kwamba polisi wanakuja na wote watatawanyika na pesa yako. Msisimame hata kutazama, kwa sababu anayetazama karata hatazami mkoba wake.

Mtoto asipotee

Hapa tunaomba msome polepole, na katibu asome kwa sauti kwenye mkutano. Tangazo la mtoto aliyepotea ni sauti ya kawaida ya sho. Wengi hupatikana mchana huo huo. Lakini zile saa mbili za kutafuta hakuna mzazi anayezisahau, na si kila anayemshika mtoto mkono ana nia njema.

Mtoto wa kijijini ana shida moja ambayo wa Eastlands hana sana. Nyumbani kwao kila mtu anamjua, hajawahi kuhitaji kujieleza. Akipotea Jamhuri akaulizwa, "Unakaa wapi?" atasema, "Kwa shangazi." Mashangazi wa Kayole ni maelfu. Kwa hivyo wiki moja kabla ya safari mfundisheni kusema jina lake lote, jina la mama au baba (si "Mama" tu), jina la mtaa anakolala, na jina la steji au shule iliyo karibu na hapo. Mfanye kama mchezo wa maswali wakati wa kula. Anayejua kuhesabu anaweza kushika namba ya simu ikiwa ataimba.

Asubuhi ya safari, andikeni namba mbili za simu kwa kalamu kwenye mkono wa mtoto, juu kidogo, pale sweta inapofunika. Namba mbili, kwa sababu moja huzima chaji. Jina lake msiliandike mahali pa kuonekana. Mtu mbaya akilisoma ataliita, na mtoto atadhani anajulikana. Halafu mpigeni picha kwa simu kabla ya kutoka, akiwa na nguo za siku hiyo. Mzazi aliyeshtuka husahau hata rangi ya shati la mwanawe. Kama mtoto hasikii au hasemi, awekewe kikaratasi mfukoni kinachoeleza hivyo.

Gawaneni watoto. Mtu mzima mmoja na watoto watatu, kwa majina, tangu kutoka nyumbani mpaka kurudi. Tunajua mazoea ya "watoto ni wetu sote." Kijijini ni kweli. Kwenye umati, mtoto wa wote huwa si wa mtu. Na dada wa miaka 11 asihesabiwe kuwa mtu mzima. Naye amekuja kuona sho.

Mkishaingia, chagueni mahali pa kukutania na mwonyesheni kila mtoto kwa kidole. Pawe mahali pasipohama. Kikundi kimoja tunachokijua kilikubaliana kukutana "pale kwa ngamia," na ngamia naye alikuwa kazini, akizunguka uwanja na watoto mgongoni. Lango fulani, au jengo kubwa lenye rangi inayojulikana, ni bora. Mwambieni mtoto: ukituona tumepotea (yeye husema ni sisi tuliopotea, na mwache aseme hivyo), simama hapo hapo ulipo, usitoke nje ya lango na mtu yeyote, tafuta polisi mwenye sare, au mama aliye na watoto wake.

Na ikitokea? Mtu mmoja abaki pale mlipokuwa, mwingine aende kituo cha polisi kilicho uwanjani na kwa wenye vipaza sauti, akiwa na ile picha. Wengine wasitawanyike kila mmoja na njia yake, au mtakuwa na watu watano wa kutafutwa. Kuna maneno mitaani kwamba polisi hawaandikishi mtoto aliyepotea mpaka saa 24 zipite. Msiyasikilize. Ripotini mara moja na muombe namba ya OB. Mnaweza pia kupiga 116, namba ya simu ya watoto, ambayo ni ya bure, mchana na usiku. Mtoto akipatikana, asichapwe. Aliyechapwa kwa kupotea, siku nyingine atajificha badala ya kutafuta msaada.

Bembea na kasri

Kabla ya kumpandisha mtoto, simameni mtazame mzunguko mmoja mzima. Je, anayeendesha anafunga kila kiti kwa mnyororo au chuma, au anakusanya pesa tu? Anasimamisha kabisa kabla ya watoto kushuka? Kama kiti kimefungwa kwa waya au kamba, pita. Mtoto mdogo asipakatwe na mwenzake mdogo. Kwenye kasri ya hewa, wanaoumia mara nyingi ni wadogo walioangukiwa na wakubwa, kwa hivyo ngojeni zamu ambayo wote wanalingana. Upepo ukivuma kwa nguvu, watoto watoke. Kasri ambayo haikufungwa vizuri ardhini huweza kuinuka.

Jambo dogo lakini linaudhi: viatu. Huvuliwa mlangoni mwa kasri, na mtoto akitoka anakuta vimeondoka au vimebadilishwa na vikuukuu. Mtu mzima avishike mkononi.

Kulala, kula na kufika

Sasa tunasema kwa niaba ya wenyeji wenu, ambao wanaona haya kusema wenyewe. Katika ploti za Eastlands, choo ni cha familia nyingi, maji mara nyingi hununuliwa kwa mtungi, na lango hufungwa usiku na kea-teka. Wageni 12 wakifika bila kuambiana, mwenyeji hutumia kwa siku mbili kile alichokuwa nacho kwa wiki mbili, na mwisho wa mwezi anatafuta kodi. Mwambieni idadi kamili mapema. Mjigawe, wengine kwa ndugu wa Umoja, wengine Kariobangi, au muombe ukumbi wa kanisa au wa shule. Leteni unga, maharagwe na mboga, kwa kipimo cha watu mtakaokuwa, na mchange ya maji. Mkungu wa ndizi ni heshima, lakini hauchemshi chai ya watu 12.

Chakula cha siku ya sho kitoke nyumbani: chapati, viazi vitamu, mayai ya kuchemsha, maji mengi. Tumieni kiondo au kikapu. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na kumbukeni hilo hasa nyinyi mnaotoka ng'ambo ya mpaka. Asubuhi za wakati huo zina baridi na mchana jua ni kali, na mvua za vuli zinaweza kuwahi. Sweta, kofia, na viatu vya matope, si vya Jumapili.

Kutoka Eastlands hakuna njia ya mkato kwa wengi wetu. Mtashuka town, mtavuka katikati ya watu, na kupanda gari la Ngong Road kama 111. Wiki ya sho magari mengi huita "Sho! Sho!", lakini ulizeni kama linafika langoni au linawaacha barabarani. Mkiwa 14, fikirieni kukodi matatu moja kwa siku nzima. Gawanyeni gharama kwa vichwa, mlinganishe na nauli nne za kila mtu. Mara nyingi tofauti ni ndogo, na mmeepuka kuvuka mji na watoto mara mbili. Mkikodi, andikeni saa ya kuondoka, saa ya kurudi na nani analipa mafuta na pa kuegesha. Lipeni nusu asubuhi na nusu mkifika nyumbani. Watoto wahesabiwe kama abiria, kila mmoja kiti chake. Tangu sheria za 2004 idadi ya matatu ni ile iliyoandikwa, na askari wa barabarani hataki kusikia kwamba hawa ni wa kupakatwa.

Kilimo kisisahaulike

Kikundi kilichochanga pesa zake kinastahili kurudi na kitu. Nendeni asubuhi kwenye kilimo, wakati watoto hawajachoka na wataalamu wana nafasi ya kuongea. Mchana hubaki wakigawa karatasi tu. Kila mwanachama apewe swali moja kutoka kijijini. Mmoja aulize juu ya kuku wa kienyeji walioboreshwa kwa watu wa KALRO (ndilo shirika lililochukua nafasi ya KARI kwa sheria ya 2013), mwingine juu ya mbegu inayokomaa haraka, mwingine juu ya tangi la maji ya mvua. Waulize bei, mahali pa kununua karibu na nyumbani, na ugonjwa gani husumbua. Wasinunue chochote siku hiyo. Mashine ya kukata majani ikiwa imepakwa rangi mpya na kijana anaiendesha akitabasamu, inaonekana ni ya lazima kabisa. Chukueni namba, rudini mkaijadili.

Michezo ya uwanja mkuu, kama gwaride na bendi, kwa kawaida huwa mchana, na ukishalipa mlangoni unaiona bila kulipa tena. Wekeni watoto hapo wakati wanachoka. Ndipo pia pa kula.

Kama hesabu imekataa mwaka huu, watoto wakiwa Nairobi bado wanaweza kutolewa nje. Jeevanjee Gardens katikati ya mji ni bure. Arboretum, bustani ya miti iliyoanzishwa 1907, ina kiingilio kidogo, tumbili wa kutazama (fungeni chakula vizuri), na nyasi za kukimbilia, kitu ambacho mtoto wa ploti haoni kila siku.

Ondokeni Jamhuri saa kumi, kabla umati haujatoka. Hesabuni watoto langoni, wahesabuni tena ndani ya gari, kwa majina. Mweka hazina akusanye hesabu jioni hiyo hiyo, kabla watu hawajalala, ili mkutano ujao zisomwe pamoja na yale majibu ya maswali, na mfuko wa mwaka ujao ufunguliwe.